Uwele si Chakula cha Shida

Neno tutakalo kulisema wiki hii ni neno la sufuria. Wako watakaocheka, waseme gazeti la siasa limeishiwa habari hata linaandika juu ya uji. Na wacheke. Nchi isiyojua watu wake watakula nini mwaka ambao mvua imekataa kunya, nchi hiyo itakwenda kupiga hodi kwa wengine, na mwenye kupiga hodi kwa njaa hachagui masharti. Hiyo ni siasa, tena ni siasa ya kwanza.

Ndugu wananchi wa Kinondoni na Temeke, mwaka 2023 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka za jamii ya uwele. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lake Machi 2021, kwa shauri lililoletwa na India na kuungwa mkono na nchi zaidi ya 70. Nafaka zilizotajwa ni uwele wenyewe, ulezi, mtama, teff ya Wahabeshi, fonio ya Waafrika wa Magharibi, na zile ndogo zaidi za Wahindi, kama ile ambayo watu wa kusini mwa India huiita samai na wa kaskazini huiita kutki. Hiyo samai ni punje ndogo mno, lakini yasifiwa kwamba huiva kwa miezi 3 hivi, hustahimili jua, na hata maji yakituama shambani haifi upesi. Wakulima maskini wa vilimani ndio walioitunza, wakati mabwana wa mjini wakiidharau.

Mwaka ule ulipita hapa kwetu kimyakimya. Sokoni Tandale malori yalishusha magunia ya mahindi kama siku zote, na Tandika bei ya sembe ikawa ndiyo salamu ya asubuhi. Uwele, kama ulikuwapo, ulikuwa katika kisado kimoja pembeni, na ukiuliza bei muuzaji naye anakuuliza, “Wa kuku, ndugu?”

Wa kuku! Hapo ndipo pana ugonjwa wetu.

Maana hatuna haja ya kuagiza mbegu ya samai kutoka India. Twazo zetu, tena baadhi yake Wahindi walizipata kwetu. Wataalamu wa mimea wanakubaliana kwamba ulezi ulianza kulimwa katika nyanda za juu za upande huu wa Afrika, Uganda na Uhabeshi, kisha ukavuka bahari zamani sana ukafika India, ambako waitwa ragi. Leo katika jimbo la Karnataka ragi ni chakula cha heshima, na jimbo la Odisha lilianzisha mwaka 2017 mpango maalumu wa kuinunua kwa wakulima na kuirudisha kwa wananchi katika mgao wa chakula. Mtama ulitoka mashariki ya Sudan, yapata miaka 5000 iliyopita. Uwele ulitoka ukingoni mwa jangwa la Sahara, pande za Mali. Zote hizo ni nafaka za Mwafrika, zimechaguliwa na mikono ya Waafrika, nyingi yake mikono ya akina mama, punje kwa punje, mwaka hadi mwaka. Mahindi ndiyo mgeni. Yalitoka Amerika, yakaletwa katika pwani zetu baada ya Wareno kufika.

Na watu wa pwani wasidhani kwamba uwele ni mambo ya bara tu. Kule Pemba, wachimbuzi wa mambo ya kale walichunguza punje zilizoungua katika mji wa Tumbe, uliokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, wakakuta kwamba uwele ndio uliokuwa nafaka kubwa ya watu wale. Mpunga ulishika nafasi baadaye, katika mji jirani wa Chwaka. Basi babu wa babu zetu, waliojenga majahazi na kufanya biashara na dunia nzima, walikula uwele wala hawakuona haya. Hata lugha yetu inatukumbusha. Mzee akionya kwamba penye kuku wengi usimwage mtama, hakutaja mahindi. Na kijana wa Temeke aliyetegwa mguu akaanguka uwanjani husema amepigwa mtama, ingawa huenda hajapata kuuonja.

Tujiulize basi, mgeni aliingiaje hata akawa mwenye nyumba? Sehemu moja ni kasumba na sehemu nyingine ni haki yake, wala hatutaki kusema uongo kwa ajili ya kupendeza hoja yetu.

Kasumba ni hii. Wakati wa ukoloni, katika mashamba ya mkonge na kazi nyingine za mabwana, mtu alipewa posho, na posho ilikuwa unga wa mahindi. Mahindi yalikuwa rahisi kununua kwa jumla, rahisi kupakia na kupima. Shule za bweni zikafuata, jela zikafuata, majeshi yakafuata. Mtu aliyerudi kijijini baada ya miaka michache ya kazi au ya masomo alirudi na suruali, na kanda mbili, na tumbo lililokwisha kuzoea sembe nyeupe. Uwele ukabaki chakula cha yule ambaye hakwenda popote. Sisi wenyewe tuliopita vyuo vya ualimu twajua: mwalimu hufundishwa kuandika ubaoni faida za nafaka za asili, halafu kengele ikilia huenda bwaloni kula ugali wa mahindi, na hapana anayeona ajabu.

Haki ya mahindi nayo ni hii. Hindi limevaa koti lake, ndege hawalipati kwa urahisi. Likikauka hupukuchuliwa kwa mkono bila kazi kubwa. Mvua ikiwa nzuri na udongo ukiwa na rutuba, ekari ya mahindi hutoa magunia mengi kuliko ekari ya uwele. Mkulima wa Songea au Rukwa anayelima mahindi si mjinga. Amepiga hesabu yake vizuri, nasi wa Dar es Salaam tunaishi kwa jasho lake. Hakuna anayemwambia aache.

Lakini Tanzania yote si Songea. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo huja kwa vipindi, wiki tatu maji, wiki tatu jua. Hapo ndipo tabia ya mimea huonekana. Mahindi yana saa yake moja ya hatari, nayo ni wakati wa kuchanua na kutoa ndevu. Jua likikaza siku zile, ndevu hukauka kabla hazijapata unga wa ua, na gunzi hubaki bila punje, hata kama mvua itarudi na kulowesha shamba juma lifuatalo. Mtama haufanyi hivyo. Jua likizidi hukunja majani, husimama kama uliolala, na mvua ikirudi huamka ukaendelea. Uwele una mizizi inayokwenda chini sana kutafuta maji, na shina moja likikauka huchipua jingine ubavuni, kwa hiyo mkulima hupata kitu pale ambapo jirani mwenye mahindi anapata mabua ya ng'ombe. Uwele huzaa hata penye mvua ya milimita 300 au 400, katika mchanga ambao mahindi huuogopa. Hayo Mgogo aliyajua kabla ya mtaalamu yeyote.

Wako waliodharau ujuzi huo wakalipa. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wake mkubwa wa karanga, ekari zaidi ya milioni 3, na Kongwa katika Ugogo ikawa mahali pa kuanzia. Walikuja na matrekta, na mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakang'oa misitu. Hawakuuliza kwa nini wenyeji wa pale wanalima uwele na mtama. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji hata karanga zikakataa kung'oka, mvua ikakosekana, na Januari 1951 mpango ukafutwa, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 35. Mama wa Kigogo mwenye jembe la mkono alikuwa akivuna uwele jirani na matrekta yanayoota kutu. Habari hiyo ingetosha kuandikiwa kitabu kizima cha darasa la 5, nasi twaipita kwa haraka kwa sababu wasomaji wetu wengi wameisikia.

Tusikose pia kusema jambo linaloumiza zaidi. Ugogo huo huo, wenye uwele na mtama, uliangamia katika njaa iliyoitwa Mtunya, kuanzia 1917 hata 1920. Je, uwele ulishindwa? Hapana. Ilikuwa vita ya wazungu kwa wazungu. Majeshi ya Wadachi yalichukua nafaka na ng'ombe, kisha ya Waingereza yakaja yakachukua yaliyobaki, na vijana wakachukuliwa kubeba mizigo. Halafu ukame ukakuta maghala matupu. Nafaka inayovumilia jua haiwezi kuvumilia mtu anayeizoa. Kwa hiyo anayedhani kwamba twasema mbegu peke yake itaondoa njaa, hakutusoma sawasawa.

Sasa tuje kwa jambo lililo karibu nasi zaidi, ambalo ndilo hasa lililotufanya tushike kalamu. Baada ya mvua kukosekana mwaka 1973 na 1974, wakati ambapo watu wengi vijijini walikuwa wakihamishwa, nchi ililazimika kununua na kupokea chakula kutoka nje. Wazee wa Magomeni na Keko wanakumbuka unga wa manjano wa mahindi ya Amerika, ambao mji ulioupokea kwa foleni uliupachika jina la Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu. Serikali ikaita Kilimo cha Kufa na Kupona. Ikawahimiza watu wa mikoa mikavu warudi kwenye mtama, uwele na mihogo, ikapandisha bei, na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likaamriwa kununua. Wakulima wakaitika! Wakalima, wakavuna, wakauza. Maghala yakajaa mtama.

Kisha nini? Mtama ule ukakaa. Mwishoni mwa miaka ile ya 1970 shirika lilipata taabu kubwa kuutoa, kwa sababu mji haukuutaka. Mtu wa Dar es Salaam alikuwa tayari kusimama foleni kwa ajili ya sembe na mchele, lakini mtama, hata ukiwa tele, aliuona ni aibu kuupeleka nyumbani. Bei ikashuka tena, na mkulima aliyetii akaonekana mjinga mbele ya jirani yake. Mara nyingi twasema Serikali imemwangusha mkulima, na mara nyingine ni kweli. Safari ile tulimwangusha sisi wa mjini, kwa meno yetu.

Wala mahindi hayakukaa peke yake. Mdudu dumuzi, ambaye wakulima wa Tabora walimbandika jina la Scania kwa vile alivyozoa mzigo wote kama lori, alionekana mwanzoni mwa miaka ya 1980, naye kwao ni Amerika, huko huko yalikotoka mahindi. Ghala la mahindi asilolitia dawa mtu hulikuta unga kabla ya masika. Ulezi ukikaushwa vizuri hukaa miaka mingi, na wazee waliuweka kuwa akiba ya mwaka mbaya. Kisha iko sumukuvu, ile sumu ya ukungu ambayo jicho haliioni na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa baada ya kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo, wengine wengi wakaugua maini. Nafaka hizi ndogo nazo zikianikwa vibaya hupata ukungu, lakini kwa kawaida sumukuvu huzishika kidogo kuliko mahindi na karanga. Katika mikoa ile ile mikavu, kama familia zile zingekuwa na mtama na uwele mezani badala ya mahindi matupu kila siku, hatari ingegawanyika.

Msomaji wa Mwananyamala atasema, hayo ni ya Dodoma. Basi akumbuke mwaka 2022. Vuli ilipochelewa mto Ruvu ulipungua, na mwezi Oktoba na Novemba mji huu ukakaa katika mgao wa maji, watu wakizunguka na madumu kutoka Kawe hata Mbagala. Mwisho wa mwaka ule na mwanzo wa 2023 bei ya unga ilipanda hata mama ntilie wakapunguza ukubwa wa ugali kabla hawajathubutu kuongeza bei. Mji una watu zaidi ya milioni 5, na karibu wote wanategemea nafaka moja. Mahindi yakikohoa, Dar es Salaam inalala kitandani. Mwaka 2024 tuliwaona ndugu zetu wa Zambia, Malawi na Zimbabwe, nchi za mahindi kuliko sisi, wakitangaza hali ya hatari kwa sababu ya ukame, na Wazambia wakaja kununua mahindi kwetu. Tulifurahi kuwauzia. Mwaka utakaokuwa zamu yetu, atatuuzia nani?

Twataka nini basi? Hatutaki mkutano mwingine wa hotelini wala bango. Twataka sufuria za shule.

Katika shule nyingi za msingi za Kinondoni na Temeke wazazi huchangia uji wa watoto, na Serikali ilitoa mwongozo wake mwaka 2021 juu ya chakula na lishe shuleni. Kamati ya shule ndiyo inayokaa, inapiga hesabu, na kuamua unga gani ununuliwe. Hapo hapahitaji amri ya waziri. Kamati ikisema kwamba nusu ya unga itakuwa mtama au uwele, imekwisha. Shule moja yenye watoto 1000 ni mteja mkubwa kuliko duka zima la Sinza. Shule 50 ni soko. Na soko hilo mkulima wa Kongwa, Chemba na Iramba akilijua kwamba lipo mwaka huu, litakuwapo mwakani na mwaka ule mwingine, atapanda bila kuhimizwa na mtu yeyote mwenye kipaza sauti.

Tena mtoto atafaidika kuliko sote. Uchunguzi wa afya wa nchi wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, 58 walikuwa na upungufu wa damu. Uwele una madini ya chuma kuliko mahindi, na sembe iliyokobolewa ndiyo iliyo maskini kupita zote, maana uzuri wake tumewapa kuku katika pumba. Ulezi una madini ya kalisi, yale yajengayo mifupa, zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100, nayo mahindi hayakaribii hata kidogo. Hatusemi kikombe cha uji kitamaliza upungufu wa damu. Malaria na minyoo navyo vina mkono wao. Na akina mama wanaojua kimea watufundishe: ulezi ulioloweshwa, ukachipuzwa, ukakaushwa na kusagwa, kijiko chake kimoja huufanya uji mzito uwe mwepesi, mtoto akanywa chakula kingi katika kikombe kile kile. Bibi zetu walikifahamu kimea kwa ajili ya togwa.

Tumezungumza matawini juu ya shauri hili, na majibu tuliyopata hayakuwa ya utani. Mama mmoja wa Tandika alisema: “Mwanangu, mtama wenu una mchanga, nami meno ninayo haya haya.” Amesema kweli. Nafaka inayopurwa chini katika udongo hufika sokoni na mawe, na mnunuzi aliyevunja jino mara moja harudi. Dawa yake ni turubai, ambalo si mashine kutoka Ulaya. Ni kitambaa cha kutandika chini. Vyama vya ushirika vya Dodoma na Singida vikikubali kwamba gunia lisilo na mchanga lina bei yake na lenye mchanga lina yake, turubai zitanunuliwa zenyewe.

Wengine walisema ulezi ni ghali. Nao ni kweli, ulezi mara nyingi huuzwa bei ya juu kuliko mahindi, ndiyo maana hatukusema ulezi mtupu. Mtama na uwele uwe mwili wa uji, ulezi uwe kidogo kwa kimea. Mwingine akasema mtama ni mchungu. Mtama mwekundu una uchungu, ndiyo sababu hata ndege huuacha mpaka wamekosa mwingine, mweupe hauna. Kisha kuna neno la mashine. Mtu akienda na debe lake la uwele kusaga huambiwa asubiri mpaka foleni ya mahindi iishe, kisha asafishiwe kinu, na jua limekwisha kuzama. Hapa halmashauri zina kazi. Ile asilimia 10 ya mapato yao inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ambayo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa 2024, itoe mkopo kwa vikundi vya unga wa lishe vipate vinu vyao wenyewe vya nafaka ndogo, Charambe kimoja, Bunju kimoja, na kuendelea. Akina mama hao wapo tayari na wanauza. Wanachokosa ni kinu.

Kwa mbegu hatuna udhuru. Vituo vya utafiti vya Ilonga na Hombolo vilifanya kazi yake zamani. Uwele uitwao Okoa na ule uitwao Shibe ulitolewa kwa wakulima mwaka 1994. Mtama wa Macia, mweupe, mfupi, wa kuiva mapema, ulitolewa 1999. Wahi na Hakika ikafuata 2002, nayo inashindana na lile gugu la kiduha linalonyonya mizizi. Soma majina hayo uone: Okoa, Shibe, Wahi, Hakika. Waliozipa mbegu hizo majina walikuwa wakituomba kitu, na sisi tuliendelea kupanga foleni ya sembe. Viwanda vya bia vilisikia kabla yetu, vikaenda kununua mtama wa Dodoma. Leo baba wa Kinondoni hunywa mtama katika chupa jioni, na mwanawe asubuhi hapati hata kijiko katika bakuli.

Liko jambo moja lisilopendeza ambalo hatuwezi kulificha. Uwele una adui, naye ni ndege kwelea kwelea. Wakija huja mamilioni, hutua kama wingu, na shamba la jumuiya nzima huisha kwa siku mbili. Kwa sababu hiyo watoto hupandishwa juu ya dungu toka alfajiri hata jua kuchwa, na makombeo na mabati ya kupiga kelele, kuamia ndege. Mwalimu wa Kongwa akiita majina darasani mwezi wa Aprili anajua nani yuko dunguni. Tukiwahimiza watu walime uwele bila kuitaka Serikali ipeleke ndege za kunyunyizia dawa kwa wakati, kabla kwelea kwelea hawajatoka mazalioni, tutakuwa tunamnywesha uji mtoto wa Temeke kwa kumwondoa mwenzake wa Kongwa shuleni. Jambo hilo hatulikubali. Wabunge wa Dar es Salaam, ambao kwa kawaida husinzia hoja ya kwelea kwelea ikiletwa na mbunge wa Dodoma, safari hii waamke, maana ndege hao wanakula chakula cha wapiga kura wao.

Shule zitakapofunguliwa Januari, kamati zitakaa kupanga michango. Wazazi waende, wasiwaachie walimu peke yao. Gunia la kwanza la mtama mweupe na debe la uwele vinunuliwe Tandale au Tandika, vipepetwe mbele ya wazazi, visagwe siku ile ile bila kukobolewa, na uji upikwe na wale wale mama wanaoupika siku zote, sukari isizidishwe ili kuficha ladha. Kila siku kwa muda wa mwezi mmoja mwalimu wa zamu aandike vikombe vingapi vimerudi vikiwa na uji na vingapi vimerudi vitupu. Hesabu hizo ziletwe tawini kabla ya mwisho wa Februari. Gazeti hili litazichapa zote, shule kwa shule, za kupendeza na zisizopendeza.